Kabla hujaniletea titani ya ekseli

Kijana mmoja wa motokrosi, mbio za pikipiki za porini, aliingia karakanani kwetu Gerezani, Dar es Salaam, na fimbo ya titani aliyoiviringisha kwenye taulo. Anataka ekseli ya nyuma, ile fimbo inayopita katikati ya gurudumu, tena "kesho, fundi".

Nikamwambia aiweke kwanza kwenye mizani. Nimeshaletewa stenlesi iliyonunuliwa kwa bei ya titani, na sumaku haisaidii hapo, maana stenlesi nyingi nazo hazishiki sumaku. Mizani haina longolongo: sentimita moja ya ujazo ya titani ni gramu 4.4 hivi, stenlesi inakaribia 8. Ukiwa bado na wasiwasi, igusishe kidogo kwenye jiwe la kunolea. Cheche za titani ni nyeupe pee. Yake ilikuwa ya kweli, gredi ya 5, yenye aluminiamu asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Angeleta gredi ya 2, titani isiyochanganywa, angerudi nayo nyumbani, ile ni laini mno kwa ekseli.

Tukapiga hesabu. Ekseli yake ya chuma ilikuwa na kipenyo cha milimita 17 na urefu wa 250, sawa na gramu 445. Ya titani kwa vipimo hivyohivyo ni gramu 250. Anaokoa kama gramu 195, na pale mahali ni pazuri kuokoa, kwa kuwa ekseli huruka pamoja na gurudumu, haibebwi na shokapu. Lakini titani hunesa karibu mara mbili ya chuma kwa mzigo uleule. Ukakamavu wa fimbo uko zaidi kwenye ngozi yake kuliko kwenye kiini. Ukichonga ekseli mpya ya chuma cha kromu-molibdeni, ukaitoboa milimita 9 katikati na kuishia kabla ya hesi (mifereji inayoshika nati), unapunguza gramu 100 na ukakamavu unashuka kama asilimia 8 tu. Mimi ningechukua hiyo. Yeye akasema titani. Pesa yake.

Kwenye lethi, mashine ya kuchongea, tatizo ni joto. Titani haipitishi joto vizuri, kwa hiyo linabaki palepale kwenye ncha ya kisu. Tumia kisu cha kabaidi kipya, chenye makali, mita 45 hivi kwa dakika. Kwa kipenyo cha 17 hiyo ni mizunguko kama 850. Maji ya kupozea yamwagike kwelikweli. Kisu kisisugue bila kula. Na fimbo inakukimbia, inanesa kukwepa kisu: nilipopima mara ya kwanza, katikati ilikuwa nene kuliko ncha kwa mikroni 40 (milimita 0.04), ingawa nyuma nilikuwa nimeishika kwa senta, ile ncha inayoegemeza mwisho wa fimbo. Ilibidi nimalizie kwa kula kidogokidogo. Makapi membamba yafagie mapema, yanashika moto, na ukimwaga maji juu ya moto huo unauchochea. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu.

Kilichoniumbua ni hesi. Nilimaliza kuikata, nikajaribu nati ya chuma kwa vidole, kavu. Raundi nne ikateleza, ya tano ikakaza. Badala ya kuacha nikairudisha kwa spana. Ikalia kwii, ikaganda. Titani ikisuguana na chuma hivyo huchunika na kujibandika, haitoki tena. Nikakata kwa msumeno, nati na hesi pamoja. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa nimeikata fimbo kwa urefu wake wa mwisho. Fanya hivyo na wewe: acha ziada mpaka nati ipite. Na kabla nati haijagusa hesi, paka grisi ya shaba. Ukishapaka, usikaze kwa kipimo cha hesi kavu, utavuta ekseli kupita kiasi.

Mzizi wa hesi uwe wa mviringo, na kona chini ya kichwa vilevile, nusukipenyo angalau milimita 1.5; washa (pete bapa) ya hapo itolewe makali ya ndani isije ikaikalia hiyo kona. Ukiona alama ya kisu inayozunguka, isugue kwa msasa laini kwa urefu wa fimbo, maana ufa huanzia hapo. Beringi za 6203, zenye tundu la milimita 17, ziingie kwa mkono, na bushi inayokaa kati ya beringi mbili isisahaulike. Ikikosekana huwezi kukaza nati sawasawa, na pete ya ndani ikianza kuzunguka juu ya titani, itaila.

Jirani yetu wa bodaboda aliiona inang'aa mezani, akauliza bei. Nikamuuliza anabeba nini. "Mishikaki, abiria wawiliwawili, na gunia la mkaa jioni." Anataka titani kwa sababu gurudumu la nyuma linacheza na kupiga kelele. Tukalifungua. Ekseli ya kiwandani ilikuwa imenyooka kabisa. Beringi ndizo zilizokwisha. Tukabadilisha mbili, akaondoka.