Muulize Anko: "Saa 2" imemponza jamaa kwenye drafti, turudie?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi ndio admin wa ligi yetu ya drafti kule Fantasy Premier League, ule mchezo wa mtandaoni wa kuunda timu ya wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England, na kwenye drafti tunawachagua kwa zamu siku moja. Tuko wanane, tulisoma wote sekondari, wengi tuko Dar na mmoja yuko Muscat. Niliandika kwenye grupu "jumamosi saa 2 asikosekane mtu". Jamaa wa Muscat kaingia saa 8 mchana, yaani 2 ya kizungu, kajiona peke yake akaondoka zake. Usiku sisi tunachagua, yeye dakika zinaisha tu mashine inamchagulia, kaangukia straika majeruhi. Anataka tufute turudie, wengine wamegoma. Nifanyeje? Admin Niliyechoka, Mbagala.

JIBU: Marahaba. Kosa ni lako bwana, usimsingizie mtu. Saa 2 yako ni taarifa ya habari, saa 2 ya aliyekaa Uarabuni miaka ni jua la utosini. Ungeandika 20:00 ya Dar, kwao 21:00, yangeisha.

Ila kurudia hapana. Hii sio fantasi ya kawaida ambayo wote wanane mnaweza kuwa na Haaland, wala sio drafti ya vizibo (mzee mmoja wa kijiweni kwetu kasikia neno tu akaja na ubao wake). Hapa mchezaji ana mwenye mmoja tu kwenye ligi, sasa aliyempata Haaland kihalali ukimfutia, barua ya wiki ijayo itatoka kwake.

Mwambie jamaa atumie waiva, yaani maombi ya kumtoa mchezaji wako na kumchukua asiye na mwenyewe. Nyie wanane kwa wachezaji 15 mmechukua 120, waliobaki ni mamia. Anaweka maombi mapema, yanafungwa saa 24 kabla ya dedlaini ya wiki, na aliye mkiani kwenye msimamo ndio anahudumiwa kwanza, baada ya hapo anayewahi ndio anabeba. Au abadilishane na mwenzie.

Msimu ujao kila mtu apange listi yake kabla, maana ukichelewa mashine inachukua kutoka kwenye hiyo listi. Mimi bando liliwahi kukata raundi ya 6, nilikua nimepanga majina machache yakaisha, narudi hewani nakuta nimepewa mabeki hata sura siwajui.

Na kwenye listi straika waje juu. Piga hesabu, watu wanane kila mmoja anatakiwa awe na straika watatu, hao 24, wakati klabu ziko 20 na nyingi zinaanza na mmoja tu, viungo wamejaa tele wanaweza kusubiri. Kipa ndio kabisa usimkimbilie, wa pili atakaa benchi tu. Halafu zamu zinaenda zikirudi, wa mwisho anachagua ya 8 na ya 9 mfululizo, wa kwanza akishachukua wake anakaa mpaka ya 16 ndio anapata wawili kwa mpigo, kwa hiyo ukiwa wa kwanza au wa mwisho kwenye zamu panga wawili wawili.

Jamaa mpe pole, ila huyo majeruhi asimtupe kwa hasira kabla hajajua anarudi lini, akimuachia tu kuna mtu humo kwenye grupu kashamuwekea jicho.