Dripu mbili za ketamini, nafuu siku nne halafu giza limerudi: dawa imegoma?

SWALI: Habari kaka. Naishi Ohio, nina sonona kali ya miaka, nimetumia sertralini nikabadilishiwa venlafaksini, hakuna kitu. Daktari kanipeleka kliniki ya ketamini, dripu sita. Ya kwanza niliogopa sana, mikono naiona siyo yangu, kama nimetoka nje ya mwili. Kesho yake nikaamka nikaoga bila kujilazimisha, nikapika, nikampigia mama simu. Siku nne nzuri. Siku ya tano giza likarudi lote. Ya pili ilipangwa baada ya siku tatu ila nikakosa mtu wa kunirudisha nyumbani, ikaja kuwa siku ya nane, na hiyo sikuona maajabu yoyote, dari tu ilikuwa inacheza cheza, na nafuu yake ni kidogo mno. Sasa dawa imegoma? Kwanini haikai? Ni kwa vile sikuona yale maajabu? Halafu kila usiku nameza Ativan, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, ina shida? Mume wangu kaingia Google anasema hiyo ni dawa ya farasi na ndiyo iliyomuua yule muigizaji Matthew Perry, hataki kunipeleka tena. Zimebaki nne.

JIBU: Dada yangu pole sana, na asante umeeleza vizuri mpaka kazi yangu imekuwa nyepesi. Mimi ni mtaalamu wa dawa za usingizi za operesheni, nimeitumia ketamini theatre huko nyumbani Tanzania na sasa hivi nasimamia hizi dripu za sonona huku huku Marekani, kwahiyo nimeiona pande zote mbili. Faili lako sina, anayeamua ni daktari wako, ila kwa ulichoandika mimi sioni dawa iliyogoma, naona ratiba iliyokatika.

Nafuu ya dripu moja kwa kawaida haikai, na hili wangekwambia mapema usingeumia hivyo siku ya tano. Mwaka 2006 Dr. Carlos Zarate na wenzake, taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, waliwapa dripu moja ya ketamini wagonjwa 18 ambao dawa za kawaida ziliwashinda, kesho yake asilimia 71 walikuwa na nafuu ya maana kabisa, jambo ambalo vidonge vinachukua wiki kadhaa. Lakini ukiuliza ni wangapi walikuwa bado na hiyo nafuu wiki nzima baadae, asilimia 35. Kwahiyo wewe siku nne zako uko palepale walipo wengi. Ndio maana dripu zinapangwa mbili kwa wiki mwanzoni, ya pili ikukute bado uko juu, siyo ikukute umeshadondoka siku tatu zilizopita. Gari lililokufa betri mkilisukuma likawaka halafu mkalizima, mnaanza kusukuma upya, ndicho kilichotokea kwako ile siku ya nane.

Ukitaka kujua ndani kunatokea nini: ketamini yenyewe haikai mwilini, baada ya masaa mawili matatu nusu yake imeshatoka kwenye damu, kesho yake unapooga na kupika dawa karibu yote imeshaondoka. Kinachobaki ni kazi iliyofanya. Inaziba kwa muda vipokezi vya ubongo vinavyoitwa NMDA, hapo glutameti, kemikali ambayo seli za ubongo zinapashana nayo habari, inaongezeka, njia nyingine zinaamka, na mwisho wake seli zinaotesha viunganishi vipya kati yao. Timu ya Ronald Duman kule Chuo Kikuu cha Yale ilionyesha hivyo kwa panya mwaka 2010, sehemu ya mbele ya ubongo, pale pale ambapo msongo wa muda mrefu huwa unapunguza viunganishi. Sasa viunganishi vichanga havidumu vyenyewe tu, na kama unarudi kwenye usingizi mbovu na shifti za usiku na kujifungia chumbani vinapungua tena. Kwahiyo zile siku nzuri usizitumie kupumzika tu, ndio siku za kutoka, kumuona mshauri wako wa saikolojia, kula na watu. Watu wengi wanafanya kinyume, wakiwa na nafuu wanalipiza kazi zote za ndani zilizolala miezi mitatu, wanachoka, wanadhani dawa imeisha.

Kuhusu maajabu. Hili ndilo watu wanalisumbukia kuliko yote, maana kule mtandaoni kila mtu anasimulia safari yake. Theatre tunampiga mtu mzima miligramu 1 mpaka 2 kwa kila kilo kwa muda mfupi tu, analala huku macho yako wazi yanacheza cheza. Kliniki ya sonona ni miligramu 0.5 kwa kilo, tena inaingia taratibu dakika 40, kwa mtu wa kilo 70 ni miligramu 35 tu. Kwa dozi hiyo mtu haondoki, anaelea. Wapo wanaokaa kwenye kile kiti cha kulala, kitambaa usoni, mashine ya presha inawabana mkono kila baada ya muda, dakika kama ya kumi hivi midomo inakufa ganzi kidogo, sauti ya nesi inasikika mbali, wengine wanasema miguu imekuwa mirefu inafika mlangoni, kuna mama mmoja wa kwetu alikuwa anacheka peke yake akaniambia anaona zulia la kwao linapumua. Wengine wanalia tu kimya kimya bila huzuni. Na wengine hawaoni chochote, wanalala wanakoroma, na kesho wananiletea fomu ya dalili za sonona, alama zimeshuka nusu. Nimeshaona pia mwenye safari ya ajabu kabisa ambaye nafuu hakupata hata tone. Tafiti zenyewe kwenye hili hazijakubaliana, na kuna moja ya Chuo Kikuu cha Stanford ya 2023 iliwapa ketamini watu 40 wenye sonona wakiwa tayari wamelazwa nusukaputi kwa ajili ya operesheni, nusu wakapewa maji ya chumvi, hakuna aliyejua kapewa nini. Makundi yote mawili yakapata nafuu kubwa na tofauti haikuonekana! Mimi hiyo hainiambii kwamba ketamini ni bure, inaniambia matumaini ya mgonjwa na jinsi anavyohudumiwa vina nguvu sana, kwahiyo ukiingia kwenye ile ya tatu huku umeshajiambia imegoma unajipunguzia mwenyewe.

Ila sitakudanganya. Siyo kila mtu inamfanyia kazi. Australia na New Zealand walifanya jaribio likatoka 2023, sindano chini ya ngozi mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, wakalinganisha na midazolamu ambayo nayo inalewesha kidogo ili mgonjwa asijue kapewa ipi. Waliopewa dozi moja isiyobadilika ya 0.5 hawakutofautiana kitu na wale wa midazolamu. Waliokuwa wanaongezewa dozi kidogo kidogo kutokana na majibu ya mwili, karibu asilimia 20 walipona kabisa dalili, upande wa midazolamu asilimia 2. Yaani mara kumi, lakini bado wanne kati ya watano hawakufika kwenye kupona kabisa. Na hapo kuna kitu cha kumuuliza daktari: je dozi yangu itabaki hii hii mpaka ya sita au mtaiangalia? Usiombe iongezwe ili uone maajabu, uliza kwa sababu ya alama.

Alama namaanisha ile fomu ya maswali tisa, PHQ-9, mwisho wake ni 27. Jaza kabla ya kila dripu na tunza picha kwenye simu. Ikishuka nusu hiyo ni nafuu ya kweli hata kama wewe unajiona uko vile vile, na mara nyingi watu wa nyumbani wanaona kabla yako. Wewe mwenyewe uliandika kuoga bila kujilazimisha. Mtu ambaye hajawahi kuumwa huu ugonjwa hawezi kujua hiyo ni kubwa kiasi gani. Wengi wakipata nafuu hawaniambii nina furaha, wananiambia kelele zimepungua kichwani. Hukumu itolewe mwishoni mwa zile sita, au hata ya nne kama hakuna kitu kabisa, siyo ya pili iliyochelewa.

Ativan. Hapa nikae kidogo. Dawa za kundi hilo, Ativan, Valium, Xanax, kuna dalili kwenye tafiti kwamba zinapunguza au zinafupisha nafuu ya ketamini, hasa dozi zikiwa kubwa. Na pia ukichanganya zote unasinzia zaidi na pumzi inaweza kulegea. Lakini USIIACHE GHAFLA, kama unameza kila usiku kwa muda ukikata tu unaweza kupata degedege. Mpigie aliyekuandikia, mwambie niko kwenye ketamini, tupunguze taratibu au tuangalie muda wa kumeza, na kliniki nao wajue. Unashangaa ni wangapi hawasemi kwa sababu fomu haikuuliza. Pombe nayo, hakuna.

Sasa shemeji. Simlaumu, hofu yake ina chanzo. Ndiyo, madaktari wa mifugo wanaitumia, hata kwa farasi, kama wanavyotumia antibiotiki zilezile tunazotumia sisi. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikaruhusiwa kwa binadamu 1970, na tangu 1985 iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, maana inalaza mtu bila kuangusha presha na kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe. Hospitali zetu za wilaya ambako mashine ya usingizi mbovu au hakuna, wamama wamefanyiwa upasuaji kwa hiyo hiyo. Mwambie inawezekana kabisa hata kwao kuna aliyezaliwa hivyo.

Na Matthew Perry, ni kweli alikufa Oktoba 2023 na ketamini ndio ilitajwa ya kwanza kwenye vyanzo vya kifo, alikuwa peke yake kwenye bwawa la maji moto. Alikuwa kwenye matibabu ya dripu kama wewe, lakini ya mwisho ilikuwa wiki moja na nusu kabla, wapimaji wakasema iliyokutwa kwenye damu haikutoka huko, ilikuwa ni nyingine, ya kiwango cha nusukaputi, na watu wameshitakiwa kwa kumuuzia. Tofauti ni kiti chenye nesi na mashine ya presha, na mtu kuchomwa nyumbani bila daktari wala nesi. Ndio maana zile tembe za ketamini za kutumiwa kwa posta uweke chini ya ulimi nyumbani mimi sizipendi, na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walitoa onyo mwezi huo huo wa Oktoba 2023.

Hatari ya kweli ya kuangalia kwako ni presha, inapanda wakati wa dripu, waulize ilifika ngapi. Halafu kibofu: wanaotumia mitaani kila siku wanaharibika kibofu kabisa, kwa dozi za kliniki ni nadra ila ukianza kukojoa kwa maumivu au mara kwa mara sema. Na uraibu upo, ukijikuta unaitamani ile safari kuliko nafuu yake, sema pia.

Baada ya sita ujue kuna gharama. Dripu ya kawaida kwa sonona FDA haijaidhinisha rasmi, madaktari wanaitumia kwa uamuzi wao, ndio maana bima nyingi zinagoma na mtu analipa dola 400 mpaka 800 kwa moja. Ndugu yake wa kupuliza puani, Spravato, uliidhinishwa Machi 2019, bima nyingi zinalipa ukionyesha dawa mbili zimeshindwa, na wewe unazo mbili tayari. Unakaa kliniki masaa mawili ukiangaliwa. Waulize mapema kabla pesa haijaisha.

Na kitu kimoja siwezi kukiacha: siku ya kudondoka kama ile ya tano ndiyo siku mbaya, kwa sababu umeshaonja nafuu. Mawazo ya kujiua yakija, hata yakiwa madogo, piga 988, namba ya msaada ya huku Marekani, saa yoyote, unaweza kuomba mkalimani, na kliniki wajue siku hiyo hiyo.

Kesho asubuhi wapigie wakupangie mbili kwa wiki bila pengo na uwape habari ya Ativan. Usafiri tafuta kabisa wa zote nne sasa hivi, maana kuendesha hairuhusiwi mpaka ulale uamke kesho yake, hata mtu wa kanisani au msikitini au jirani. Ila ningependa awe shemeji, kliniki zinazojielewa zinamruhusu akae pembeni, aone presha mwenyewe, amuulize nesi hayo ya farasi.