Hesabu za uwezekano: orodhesha kwanza, gawanya baadaye

Kama ndiyo kwanza unaanza mada ya uwezekano, weka kanuni pembeni kwa muda. Chukua karatasi, andika matokeo yote kwa mkono, ndipo uhesabu. Nimefundisha mada hii kwa muda mrefu, na ninaowaona wakikwama si wale wasiojua kugawanya. Ni wale wanaogawanya kabla hawajajua wanahesabu nini.

Jiulize kila mara: hivi ninavyovihesabu, vina nafasi sawa ya kutokea? Rusha sarafu mbili. Wengi husema kuna matokeo matatu, yaani vichwa viwili, kichwa kimoja, au hakuna kichwa, basi kila moja ni 1/3. Sasa zitofautishe sarafu, ya kwanza na ya pili, kisha andika K kwa kichwa na N kwa nyuma: KK, KN, NK, NN. Kichwa kimoja kina njia mbili, kwa hiyo ni 2/4. D'Alembert, mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa wa karne ya 18, alishikilia kwamba uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ukirusha sarafu mara mbili ni 2/3. Alihesabu K, NK na NN kana kwamba zina uzito mmoja. Jibu ni 3/4, kwa sababu K ya mwanzo imebeba KK na KN kwa pamoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa dadu tatu, ambao Galileo aliushughulikia. Wacheza kamari walikuwa wameona kwamba jumla ya 10 hutokea mara nyingi kidogo kuliko 9, na hilo liliwatatiza, maana kila jumla ina namna sita za kuundwa. Tisa: 1-2-6, 1-3-5, 1-4-4, 2-2-5, 2-3-4, 3-3-3. Kumi: 1-3-6, 1-4-5, 2-2-6, 2-3-5, 2-4-4, 3-3-4. Sita kwa sita, tofauti inatoka wapi?

Zipake dadu rangi tofauti kichwani mwako. Namba tatu zisizofanana, kama 1-2-6, zinaweza kupangwa kwenye dadu hizo kwa njia 6. Mbili zikifanana, kama 1-4-4, njia ni 3. Zote zikifanana, njia ni 1 tu. Sasa jumlisha. Tisa inapata 6+6+3+3+6+1, yaani 25. Kumi inapata 6+6+3+6+3+3, yaani 27. Matokeo yote ni 6×6×6, yaani 216. Ile 3-3-3 ndiyo iliyoiangusha 9. Tafadhali fanya zoezi hili mwenyewe kwa jumla zote kuanzia 3 hadi 18. Usipofikisha 216, kuna tokeo umelisahau au umelihesabu mara mbili.

Jambo la pili ni mpangilio. Mfukoni kuna mipira 3 myekundu na 2 myeupe, unatoa miwili bila kurudisha. Ukijali upi umetangulia, kuna njia 20, na 6 kati ya hizo ni nyekundu tupu. Usipojali, kuna 10, na nyekundu tupu ni 3. Zote zinakupa 3/10. Hatari ni kuchanganya: juu umejali mpangilio, chini hukujali, unapata 6/10 na hushtuki. Chagua njia moja, ubaki nayo mpaka mwisho.

Ukiona neno «angalau», hesabu kinyume chake. Kupata 6 angalau mara moja katika kurusha dadu mara nne: zisizo na 6 hata moja ni 5×5×5×5, yaani 625, kati ya 1296. Zinabaki 671, zaidi kidogo ya nusu.

Na ukipewa taarifa ya ziada, rudi kwenye orodha ukafute. Dadu mbili zimerushwa, umeambiwa angalau moja imeonyesha 6. Je, zote ni 6? Wengi hujibu 1/6. Lakini kati ya yale matokeo 36 yamebaki 11, na 6-6 ni moja tu, hivyo jibu ni 1/11. Ungeambiwa kwamba dadu ya kwanza ndiyo iliyoonyesha 6, yangebaki sita, na hapo 1/6 ingekuwa sahihi.