Kabla ya Kununua Kiti Kipya: Kuifanya Pikipiki ya Safari Ndefu Ikufae Kila Siku

Ganzi ya vidole ndiyo iliyonifanya nianze kuichunguza pikipiki yangu kwa makini. Kila asubuhi, baada ya dakika thelathini au arobaini za foleni, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa kabisa, na nilipofika kazini nililazimika kukunja na kukunjua ngumi mara kadhaa kabla ya kuweza kushika kalamu. Nilifanya kile ambacho wengi hufanya, yaani nilinunua vitu: glavu zenye sponji, mipira minene ya mishikio, kisha vipande vya chuma vya kuinulia usukani. Ganzi ilipungua kidogo, fedha zikapungua sana. Chanzo nilikuja kukigundua baadaye, nacho kilikuwa nyuma ya pikipiki, mahali ambapo sikuwahi kufikiria kutazama.

Pikipiki za safari ndefu kama yangu, ambazo Honda ST1300, Yamaha FJR1300 na BMW R1200RT ni mifano inayojulikana, zimeundwa kwa ajili ya mtu anayekwenda mbali kwa mwendo mkubwa. Mwendeshaji huinama kidogo mbele, na upepo unaompiga kifuani humsaidia kubeba sehemu ya uzito wa mwili wake. Mtu anapoitumia pikipiki hiyohiyo kwenda na kurudi kazini, akiwa katika mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa, upepo huo haupo, na uzito uliokuwa umebebwa na hewa hushukia viganjani. Hivyo kosa dogo la mkao ambalo halionekani kabisa katika barabara kuu hugeuka kuwa adha katika matumizi ya kila siku.

Kosa langu lilikuwa kwenye springi ya shokapu ya nyuma. Aliyeniuzia pikipiki alikuwa na desturi ya kusafiri na abiria pamoja na mizigo, kwa hiyo alikuwa ameikaza springi hiyo karibu hadi mwisho, nami nikaiendesha hivyo kwa miezi mingi nikiwa peke yangu. Sehemu ya nyuma ilikuwa imeinuka, kiti kimeinamia tangi, na kila nilipofunga breki nilikuwa nikiteleza mbele na kujizuia kwa mikono. Nilipoilegeza springi hadi kiwango kinacholingana na uzito wangu, siku ileile ganzi ilipungua kwa nusu, bila kununua hata bolti moja.

Kipimo chenyewe si kigumu, ila kinahitaji msaidizi na futi ya kupimia. Pikipiki ikiwa imeinuliwa hadi gurudumu la nyuma lining'inie, pima umbali kutoka kwenye ekseli hadi alama yoyote isiyosogea iliyo juu yake moja kwa moja. Kisha keti katika mkao wako wa kawaida, ukiwa umevaa kila unachovaa barabarani, na msaidizi apime tena. Kwa shokapu ambayo gurudumu lake hucheza takriban milimita 120, tofauti ya milimita 30 hadi 40 ni mahali pazuri pa kuanzia. Pima mara mbili na uchukue wastani, kwa kuwa msuguano wa sehemu za ndani hudanganya. Halafu shuka na uangalie pikipiki inazama kiasi gani kwa uzito wake yenyewe, kwani hapo ndipo wengi hupotoka. Ikiwa umepata kipimo kizuri ukiwa umeketi, lakini pikipiki peke yake haizami hata milimita chache, maana yake ni kwamba springi ni laini mno kwako na umelazimika kuikaza kupita kiasi. Mtu anayehisi ugumu huo hudhani anahitaji springi laini zaidi, kumbe anahitaji iliyo ngumu zaidi, ambayo hataibana sana. Usisahau pia kwamba kushusha nyuma kunainua mwanga wa taa ya mbele, na madereva wanaokuja upande wa pili watakukumbusha kwa taa zao usiporekebisha.

Baada ya hapo ndipo usukani uliposikia dawa. Vile vipande vya kuuinua, ambavyo vyangu ni vya milimita 20, vilianza kuwa na maana kwa sababu sasa vilikuwa vinarekebisha urefu wa mikono yangu badala ya kuficha kosa la springi. Anayevifunga ahakikishe mambo mawili kabla ya kuondoka nyumbani: kwamba mipira ya breki na nyaya zote hazivutiki usukani unapogeuzwa hadi mwisho, kulia na kushoto, na kwamba mngurumo wa injini iliyo silensa, yaani inayozunguka bila kuguswa aksileta, haupandi wakati wa kugeuza. Injini ikipandisha mwendo, waya wa aksileta umebanwa, na hilo ni jambo la kuogopesha katikati ya kona ya pole. Kisha geuza mikono ya breki na klachi hadi vidole vifuate mstari mnyoofu wa mkono kutoka kwenye kiwiko. Marekebisho hayo huchukua dakika tano na hayagharimu chochote, lakini nimeona pikipiki nyingi ambazo mikono hiyo imekaa vilevile tangu siku ziliponunuliwa.

Kuhusu kiti sina mengi, isipokuwa kukiri kwamba cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Nilikata sponji kwa kisu nikitaka kuondoa ule mteremko, nikaweka jeli juu yake, na matokeo yake yalikuwa kiti kilichowaka kama kikaango kila kilipoachwa juani, kwa kuwa jeli hutunza joto. Kiti kizuri si kile kilicho laini unapokibonyeza kwa kidole. Ni kile kilicho tambarare na kipana kiasi cha kubeba mifupa miwili ya makalio, chenye sponji ngumu ya kutosha isiyozama hadi kwenye plastiki baada ya saa moja. Kama huna uhakika, kitambaa cha wavu kinachopitisha hewa au ngozi ya kondoo juu ya kiti kilichopo ni jaribio la bei ndogo linaloweza kuondolewa bila majuto.

Kioo cha upepo ndicho kilichonifundisha kwamba kikubwa si lazima kiwe bora. Nilikuwa na kioo kifupi ambacho upepo wake ulinipiga kifuani kwa utulivu. Nikakibadilisha kwa kirefu, na kelele zikawa kubwa zaidi, huku kichwa kikitikiswa kama kibuyu. Sababu ni kwamba hewa inayopita juu ya ukingo wa kioo huvurugika, na kioo kirefu kilikuwa kimeupandisha mvurugo ule kutoka kwenye mabega hadi kwenye helmeti. Ipo njia rahisi ya kujua tatizo liko upande gani: katika barabara nyoofu isiyo na magari, simama kidogo juu ya vikanyagio, kisha uiname kidogo, ukisikiliza. Kelele zikipungua unaposimama, kichwa chako kimefikia hewa safi, hivyo kioo kifupi zaidi kitakufaa. Zikipungua unapoinama, unahitaji kioo kirefu zaidi au kipande cha ziada juu ya ukingo. Mara nyingine dawa ni kuacha mwanya wa sentimita moja au mbili chini ya kioo, ili hewa ipite na kujaza ule utupu ulio nyuma yake unaomvuta mtu mbele.

Vyovyote utakavyochagua, ukingo wa kioo ubaki chini ya mstari wa macho, ili uitazame barabara kwa juu yake. Kutazama kupitia kioo chenye matone ya mvua usiku ni sawa na kuendesha ukiwa umefumba jicho moja. Na hata kioo kikiwa kizuri namna gani, vizibo vya masikio havina mbadala. Katika mwendo wa barabara kuu kelele za upepo ndani ya helmeti huweza kuvuka desibeli 100, na uchovu mwingi ambao watu huulaumu kiti au umri hutokana na kelele hizo.

Hayo yote ni marekebisho ya mkao. Adha nyingine ya matumizi ya kila siku ni mtikisiko wa kwenda na kusimama, ambao kwa muda mrefu niliamini kuwa ni tabia ya injini kubwa. Haikuwa hivyo. Cheni yangu ilikuwa imevutika sehemu moja kuliko nyingine, kwa hiyo kila mzunguko ulikuwa na mahali pa kukaza na mahali pa kulegea, na kila nilipofungua au kufunga aksileta katika giya ya kwanza pikipiki ilirukaruka. Zungusha gurudumu polepole na upime ulegevu mahali cheni inapokaza zaidi, kwani ukirekebisha mahali ilipolegea utaiumiza pamoja na beringi zake. Pikipiki nyingi za aina hii zenye cheni hutaka ulegevu wa kati ya milimita 25 na 35, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Mimi huipaka mafuta kila kilomita 500 hadi 700, jioni baada ya safari wakati bado ina joto, ili mafuta yapenye na kushika usiku kucha badala ya kurushwa kwenye rimu asubuhi. Wenye pikipiki zinazozungusha gurudumu kwa shafti badala ya cheni wamepumzishwa kazi hiyo, ila oili ya shafti nayo hubadilishwa, jambo ambalo husahauliwa kwa kuwa haionekani.

Aksileta yenyewe ina mchezo wake, yaani nafasi ambayo mshikio hugeuka kabla injini haijaitikia. Milimita 3 hadi 5 pembeni mwa mshikio zinatosha. Ukizidi hapo, mkono hutafuta injini gizani na kuipata kwa kishindo. Kwa injini ya silinda nne, kusawazisha hewa inayoingia katika kila silinda hupunguza mtetemo unaofika kwenye mishikio. Kwangu hilo ndilo lililomaliza mabaki ya ile ganzi.

Tairi la nyuma la pikipiki inayokwenda kazini kila siku huisha katikati na kuwa bapa, kwa sababu linakwenda moja kwa moja kwa muda mwingi. Pikipiki huanza kuwa nzito kuelekea kona, kisha inaangukia kona hiyo ghafla, na mwenyewe hulaumu usukani. Pima upepo asubuhi kabla tairi halijapata joto, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki, si ile namba ya juu kabisa iliyochongwa ubavuni mwa tairi. Usukani wenyewe ukiwa na kijishimo unachokihisi katikati unapougeuza gurudumu la mbele likiwa juu, beringi zake zimechoka.

Mafuta ya breki, na ya klachi kwa wenye klachi ya haidroli, hufyonza unyevu wa hewa hata pikipiki ikiwa imesimama, kwa hiyo mimi huyabadilisha kila miaka miwili bila kuangalia kilomita. Oili ya injini iwe na alama ya JASO MA au MA2, yaani viwango vya oili inayofaa klachi za pikipiki. Oili za magari madogo zenye viungo vya kupunguza msuguano zinaweza kuifanya klachi iteleze. Ukifunga mishikio ya joto au taa za ziada, weka fyuzi karibu na betri na uzipe umeme kupitia rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) inayozimika pamoja na swichi ya pikipiki, kisha pima betri: injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa isome takriban volti 12.6 au zaidi, na injini ikizunguka ipande karibu na 14.

Sanduku la juu nyuma nalijaza vitu vyepesi tu, koti la mvua na glavu, kwa kuwa uzito ulio nyuma ya ekseli hulegeza gurudumu la mbele. Kompyuta na spana hukaa kwenye masanduku ya pembeni.

Kilichobaki ni vikanyagio. Magoti yangu yangefurahi vikishushwa milimita 25, na vipande vya kuvishushia ninavyo tayari sandukuni, lakini vikishuka vitagusa lami mapema zaidi katika mzunguko mmoja mkali ambao huupita kila jioni. Kwa hiyo kwanza nitaendesha wiki nzima nikiwa nimefunga kiti kilichoinuka kidogo, niandike katika daftari magoti yanasema nini, ndipo niamue.