Nina mfuko wa choo tumboni: nitavaaje sare ya harusi?

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Nina miaka 36, naishi Morogoro. Mwezi wa tano nilifanyiwa upasuaji wa utumbo mpana nikawekewa kolostomi, yaani utumbo umetolewa nje kupitia tundu la tumboni, na choo kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa hapo. Mfuko uko kushoto, chini kidogo ya kitovu. Tangu hapo navaa dera tu, na safari zangu ni hospitali na kurudi. Sasa mdogo wangu anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na kamati imechagua sare ya kitenge, mshono wa kubana kiunoni halafu unachanua chini. Nilijaribu gauni langu la zamani la mshono huo, nikajifunga kanga kwa ndani ili mfuko usitokeze. Haikupita saa moja, choo kikavuja kwa juu, kwenye gundi. Nililia sana. Je, nguo za kubana ndiyo basi tena? Na nikienda, watu hawatasikia harufu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Nimesoma barua yako mara mbili, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni hili: mfuko wako hauna kosa, na wewe huna kosa. Iliyokuvujisha ni ile kanga.

Choo cha kolostomi ya kushoto mara nyingi huwa kizito, kwa sababu kimeshapita sehemu kubwa ya utumbo mpana na maji yamefyonzwa. Kikitoka kinatakiwa kiteremke mpaka chini ya mfuko. Ukiubana mfuko kwa kanga, kuta zake mbili zinagandana na hewa ya katikati inaisha. Choo kinakosa njia ya kuteremka, kinajikusanya palepale kwenye tundu, halafu kinajipenyeza chini ya gundi. Ndiyo maana kwako kimevuja juu na si chini. Mfuko unataka nafasi ya kujaa. Kadiri unavyoukandamiza ili usionekane, ndivyo unavyojitengenezea aibu unayoikimbia.

Kabla ya kubandika mfuko mpya, upulizie hewa kidogo ili kuta ziachane, kisha tia ndani matone machache ya mafuta ya watoto choo kiteleze. Nasema ndani ya mfuko; mafuta yakigusa ngozi, gundi haishiki. Angalia pia kipimo cha tundu unalokata. Baada ya upasuaji stoma, yaani ile ncha ya utumbo iliyotokeza tumboni, huwa imevimba, na hupungua kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Kina mama wengi ninaowaona miezi mitano baadaye bado wanakata kwa kipimo kilekile walichopewa wodini. Pima upya. Tundu la gundi liizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu, pande zote.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa kanga ya kukaza. Stoma ni utumbo, na utumbo hauna hisia ya maumivu kama ngozi. Fundo likiisugua kutwa nzima hutasikia kitu. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kubadilisha mfuko akiwa mzima kabisa, anacheka. Tulipobandua tukakuta kidonda chembamba ubavuni mwa stoma, kama kimechorwa kwa ukucha. Alikuwa akijifunga kibwebwe kila asubuhi anapochota maji, na fundo lilikuwa linakaa juu yake. Kwa hiyo kanga yako vaa, ila fundo lihamie upande wa kulia, na pindo lipite juu ya stoma au chini yake, lisiikate katikati. Mtoto mgongoni vilevile: fundo lipande kifuani. Wanaume wanaosoma hapa, kwenu tatizo ni mkanda wa suruali. Msuli na kanzu havina shida, na suruali ya kuning'inizwa kwa kanda za mabegani ni nzuri kuliko ya kukazwa kiunoni.

Sasa gauni. Usiikatae sare. Nenda kwa fundi mapema, na uende mfuko ukiwa umejaa kama theluthi moja, usiende nao mtupu. Watu wengi wanapimwa wamesimama, wametoka kumwaga, tumbo limelala. Siku ya shughuli wanakaa mezani kwa saa tatu na nguo inakuwa jela. Mwambie fundi akupime umesimama, kisha ukae kwenye kiti akupime tena kiunoni na tumboni. Kipimo cha kukaa ndicho akifuate.

Mshono wa kubana unawezekana, ila ule mstari wa kiuno upande juu, chini ya matiti, mahali ambapo mbavu zinashika nguo. Kuanzia hapo kitambaa kiachiwe. Kama kamati inang'ang'ania kiuno, aweke marinda mawili au matatu yanayoanzia upande wa kushoto na kufunguka juu ya mfuko. Mtazamaji ataona mtindo tu. Kitenge kimekusaidia sana hapa. Ni kitambaa kigumu kiasi, kinasimama mbali na mwili, na maua yake makubwa yanalivuruga jicho lisione kivimbe. Ingekuwa satini ya rangi moja ningekuwa na mengi zaidi ya kukueleza. Bitana iwe ya pamba laini, na zipu iwe mgongoni au kulia.

Kwa ndani acha kanga, vaa chupi ndefu inayopita juu ya kitovu, au skintaiti ya pamba inayovutika. Inaushika mfuko usiyumbe bila kuukaba. Kipimo changu ni kiganja: ukiweza kupitisha kiganja chote kati ya nguo na mfuko bila kulazimisha, iko sawa. Kwenye mitumba tafuta suruali na sketi za wajawazito zenye kitambaa kipana cha kuvutika tumboni. Wauzaji hawazigombanii, na kwa mtu mwenye stoma ni hazina.

Ushone na kivazi cha mfuko wenyewe. Lalisha mfuko juu ya karatasi, uchore kwa kuuzunguka, ongeza sentimita 1 kila upande, ukate vipande viwili vya khanga kuukuu iliyolainika. Kipande cha nyuma kitoboe duara la kupitisha gundi, chini uache wazi ili umwage bila kukivua. Kinanyonya jasho, ngozi haiwashi, na ile sauti ya nailoni inayokufanya ugeuke kila unapotembea inakwisha.

Kuhusu harufu: mfuko uliobandikwa vizuri hautoi harufu. Ukiisikia, kuna mawili, gundi imeachia au mdomo wa mfuko haukufutwa ulipomwaga. Futa mdomo ndani na nje kwa karatasi ya chooni kila mara. Mwaga ukifika theluthi, usisubiri ujae, kwa sababu uzito unaivuta gundi. Gesi ni jambo jingine. Siku mbili kabla ya harusi punguza maharage, kabichi, mayai na vitunguu, na siku yenyewe uache soda na bigijii. Kama mfuko wako una kichujio cha mkaa, gesi itatoka polepole bila harufu. Kama hauna, nenda msalani uitoe kwa mdomo wa chini.

Kwenye gari, mkanda upite chini ya stoma, juu ya mifupa ya nyonga. Kwenye daladala weka mkoba mbele yako upande wa kushoto, viwiko vya watu vigonge mkoba. Ukifika ukumbini, kabla hujakaa, ujue choo kiko wapi, na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Mmoja anatosha. Ndani ya pochi weka mifuko miwili iliyokwishakatwa tundu, kitambaa, maji kwenye chupa ndogo, mfuko wa taka na chupi moja. Pochi usiiache garini juani, gundi inayeyuka na hutajua mpaka uibandike.

Mambo mawili ya kukukimbiza hospitali, hata kama ni katikati ya shughuli: stoma ikigeuka rangi kuwa zambarau au nyeusi badala ya nyekundu yenye unyevu, au choo kikikata kabisa huku tumbo linasokota na unatapika. Hapo usisubiri kesho.

Na dansi? Miezi saba baada ya upasuaji, daktari wako akiwa ameshakuruhusu kazi za kawaida, cheza. Usibebe tu masufuria ya pilau wala kreti za soda, maana misuli iliyo kando ya stoma ni rahisi kuachia, ukapata ngiri. Jumamosi moja kabla ya harusi valia gauni lako nyumbani, ule, ukae, uiname kufunga viatu, ucheze nyimbo mbili. Likikubana mahali, fundi bado ana wiki nzima ya kulirekebisha.