Mvua au theluji? Maswali yenu kuhusu rada

Kwenye programu ya simu, mvua ni ya kijani na theluji ya buluu. Rangi hizo zinatoka kwenye rada?

Kinachotoka kwenye rada ni nguvu ya mwangwi, yaani mawimbi yanayoirudia baada ya kugonga mvua au theluji. Buluu mara nyingi huwekwa na kompyuta baada ya kuulinganisha mwangwi huo na makadirio ya halijoto. Nyuzijoto zikikaribia 0, tafadhali usiutegemee mpaka wa rangi hizo.

Basi rada yenyewe haiwezi kutofautisha?

Inaweza, ikiwa ni ya kisasa. Rada za zamani zilituma mawimbi ya mlalo (yanayotikisika kwa mlalo) peke yake. Za sasa hutuma ya mlalo na ya wima pamoja. Marekani ilimaliza kuziboresha hivyo rada zake za hali ya hewa, NEXRAD, mwaka 2013. Tone kubwa la mvua likianguka hubonyezwa na hewa, likawa bapa, na mwangwi wa mlalo ukauzidi wa wima. Theluji kavu huanguka ikipinduka-pinduka, na tofauti hiyo huwa ndogo. Tatizo ni manyunyu: matone yake ni ya duara, nayo tofauti yake ni ndogo vilevile. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza kipimo cha ulinganifu wa miangwi hiyo miwili. Mvua tupu hukaribia 1, na theluji kavu pia, lakini theluji inapoyeyuka maumbo huchanganyika na kipimo hushuka waziwazi. Hapo ndipo ulipo mpaka wenyewe.

Rada inaonyesha mvua kubwa, nje ni rasharasha. Kwa nini?

Huenda boriti, yaani mwali wa mawimbi ya rada, inapita kwenye tabaka la kuyeyuka, pale angani theluji inapogeuka maji. Chembe ya theluji ikivikwa utando wa maji, rada huiona kama tone kubwa mno.

Rada inaonyesha theluji juu yetu, lakini hakuna kinachoanguka!

Mko umbali gani kutoka kwenye rada? Antena ikiinuliwa nusu digrii, boriti huwa kama kilomita 1.5 juu ya ardhi ikifika kilomita 100, na kama 4 ikifika 200. Theluji ya huko juu inaweza kuyeyuka au kukauka njiani. Kinyume chake pia hutokea: mawingu ya chini yanamwaga theluji na boriti inapita juu yake.

Rangi hafifu maana yake theluji kidogo?

Hapana. Barafu hurudisha mawimbi kwa unyonge kuliko maji, kwa hiyo hata theluji nzito huweza kuonekana hafifu.