Sensa Unayoiagiza Kariakoo Ipo Ukutani Kwako

Wiki hii kijana mmoja wa Nachingwea ameniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nataka kutengeneza kengele ya kunishtua mtu akipita uani usiku, ila sensa, kile kifaa kinachohisi mtu akipita, huku hazipatikani. Niagize Kariakoo au nisubiri mtu anayekuja?"

Ujumbe wa namna hii naupokea sana, na karibu wote unatoka huku kwetu Kusini: Masasi, Newala, Ruangwa, Kilwa. Tumezoea kuambiwa kila kitu kipo Dar. Mdogo wangu, usiagize. Tafuta taa ya sola ya ukutani, ile inayowaka mtu akipita, iliyokwishakufa. Kama kwenu haipo, kwa jirani ipo. Kinachokufa kwenye taa zile mara nyingi ni betri. Sensa inabaki nzima, na hakuna anayeikumbuka.

Nasema hivi kwa kujiamini kwa sababu kazi yangu yote imetoka humo.

Ufundi nilijifunza kwenye karakana moja hapa Mtwara mjini. Sitaitaja, wala bosi wangu wa wakati ule sitamtaja. Chini ya meza nilikuwa na boksi la viatu nimelijaza bodi za vitu vilivyoshindikana: taa za sola, balbu zinazojiwasha zenyewe, na vile vipuliza manukato vya ukutani ambavyo hoteli moja ya Shangani ilivitupa. Nyie mnaopenda vitu hivi mnajua utamu wa boksi kama lile. Siku moja natoka kula nakuta boksi langu liko nje mtaroni, mvua inanyesha. Bosi akaniambia mbele ya wateja, "Umekuja kujifunza ufundi au kuokota makopo?" Watu wakacheka. Nikashuka mtaroni nikaviokota kimoja kimoja, nikavifuta kwa shati langu.

Nakiri, bado inaniuma. Leo nina karakana yangu Magomeni ya hapahapa Mtwara, nina vijana ninaowafundisha, na bado nikipita pale nageuza uso. Lakini zile bodi za mtaroni ndizo zilizonifundisha kuliko meza yake yote.

Chukua taa yoyote ya aina hiyo uigeuze. Utaona skrubu nne kwenye pembe, wakati mwingine zimefichwa chini ya vizibo vya mpira. Ndani kuna bodi moja ndogo, betri ya lithiamu ya volti 3.7, mara nyingi zile nene za 18650, na nyaya mbili zinazotoka kwenye sola. Sasa angalia kile kibonge cheupe cha plastiki. Watu wengi wanadhani hicho ndicho sensa. Hicho ni lensi tu. Ukikiinua kwenye mwanga utaona kimegawanyika vipande vipande kama jicho la nzi. Sensa yenyewe imekaa nyuma yake: kikopo cha chuma kidogo kuliko kifungo cha shati, chenye kidirisha cheusi na miguu mitatu.

Ndani ya kidirisha kile mna vipande viwili vinavyopokea joto. Mwili wa mtu unatoa miale ambayo macho hayaioni, yenye urefu wa wimbi wa karibu maikromita 10. Mtu akikatiza, joto lake linakipiga kipande kimoja kabla ya kingine, volti kwenye mguu mmoja inatikisika kidogo sana, na chipu iliyo pembeni inaikuza kisha inaamuru taa iwake. Ndiyo maana ukisimama tuli taa inazima hata kama upo mbele yake. Na ndiyo maana ukiifunga nyuma ya kioo cha dirisha haifanyi kazi: kioo kinazuia miale hiyo.

Moduli ya HC-SR501, ile sensa inayouzwa ikiwa tayari kwenye bodi yake, mnayoilipia nauli ya basi kutoka Dar inafanya kazi kwa utaratibu huohuo: kikopo, lensi nyeupe, na chipu ya kukuza. Inachowazidi hawa wa ukutani ni vile viskrubu viwili vya kurekebisha umbali na muda. Kwa kengele ya uani huvihitaji.

Usiking'oe kikopo peke yake. Mtikisiko wake ni mdogo mno, bila chipu yake hakikufai kitu. Chukua bodi nzima kama ilivyo. Tafuta pale umeme unapoingia kwenye LED, upande wa chanya na wa hasi, kabla ya rizista. Pima na mita huku unapitisha mkono mbele ya lensi. Ukiona volti inapanda na kushuka, umeshafika: chomelea nyaya mbili hapo na uunge buza, kile kidude kinacholia kikipata umeme. Zile buza nyeusi za volti 3 hadi 24 zinalia hata kwa betri ya 3.7. Mradi wako wa kwanza umekwisha, na hujaandika hata mstari mmoja wa programu.

Mambo mawili yatakusumbua. La kwanza, taa nyingi zina mitindo mitatu ya kuwaka. Chagua ule unaozima kabisa mpaka mtu apite, vinginevyo buza itanung'unika usiku kucha. La pili, kengele itagoma mchana. Bodi haijaharibika. Kwenye taa nyingi za namna hii sola yenyewe ndiyo inayoijulisha bodi kwamba kumekucha: ikiona umeme unaingia, inazuia taa. Ukitaka ilie na mchana, kata waya wa sola, na betri uwe unaichaji kwa chaja yake.

Kazi iliyonifanya niandike leo ni ya mama mmoja wa Mikindani, anafuga kuku wa kienyeji. Kicheche kilikuwa kinammalizia vifaranga. Amekuja karakana ameshika taa ya sola imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii taa imekufa, na kuku wangu wanakwisha. Nianze na kipi?"

Nikamwambia tutaanza na vyote viwili. Betri ya taa ilikuwa imevimba, nikaweka nyingine kutoka kwenye betri ya kompyuta mpakato iliyochakaa, ambayo seli zake baadhi huwa bado nzima ukizipima. Buza niliona haitoshi, kicheche kina moyo mgumu, nikataka honi ya bodaboda ya volti 12. Hapo inaingia rilei, yaani swichi inayovutwa na koili yake ikipata umeme mdogo. Rilei ya volti 5 kwa kawaida inahitaji asilimia 75 ya volti zake ndipo ivute, yaani kama 3.75, kwa hiyo betri ya lithiamu ikishuka kidogo tu inagoma. Tafuta rilei ya volti 3. Koili yake ifunge dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007 kinyumenyume, mstari wake uelekee chanya, la sivyo koili ikiachia itarudisha shoti ya kuua transista ya bodi. Honi nikaipa betri yake yenyewe, rilei ikawa swichi tu.

Kuifunga kulinichukua muda kuliko kuitengeneza. Kuku nao wana joto, sensa ikitazama ndani ya banda itapiga honi mpaka alfajiri. Nikaishusha chini usawa wa goti, nikaielekeza kando ya ukuta wa nje ili mnyama akatize mbele yake, maana sensa hizi zinamwona vizuri anayekatiza kuliko anayekuja moja kwa moja. Nusu ya lensi nikaiziba kwa tepu nyeusi ya umeme ili isiwaone mbuzi wa jirani. Joto letu la pwani nalo lina lake: hewa ikikaribia joto la mwili, sensa inaona tofauti ndogo na umbali unapungua. Usiku inajirudi.

Juzi mama amenipigia. Hajapoteza kifaranga tena, na majirani wamejua saa kicheche kinapopita kwa sababu honi inawaamsha wote. Nilifurahi kupita malipo aliyonipa. Kuna mlinzi wa ghala la korosho naye ameshaniulizia ya kwake kabla msimu haujafunguliwa Oktoba.

Sasa nisikilizeni, maana hapa sitaki mtu aumie. Balbu zenye sensa zinazofungwa kwenye soketi ya umeme wa nyumbani hazifanani na taa za sola. Nyingi hazina transfoma. Mara nyingi umeme unashushwa kwa kapasita tu, kile kifaa kinachotunza chaji, kwa hiyo bodi nzima inakuwa na umeme mkali wa nyumbani, pamoja na miguu ya sensa. Usiipime ikiwa imechomekwa. Ukiichomoa, kapasita inaweza kubaki na chaji, subiri kwanza. Mimi natoa sensa na lensi yake naihamishia kwenye bodi ya taa ya sola. Na betri ya lithiamu usiichomelee moja kwa moja kwa pasi, usiitoboe, na ikivimba usiibembeleze, itoe.

Vijana wenzangu, tuache kusubiri. Naona watu wana vipaji, wameangalia video zote, wanajua kuandika programu kunishinda mimi, lakini mwaka wa pili huu mradi haujaanza kwa sababu kuna kifaa kimoja hakijafika. Fungua kilichopo. Na wewe fundi mwenye karakana, mtoto anayekuomba bodi mbovu usimfukuze wala usimcheke mbele za watu. Mpe. Mpe na mita aipimie. Wangu nimewaambia kila kilichoshindikana ni chao kabla ya kutupwa, na mmoja wao ametumia mota ndogo ya kipuliza manukato kutengeneza kilishio kinachomwaga pumba sensa ikiona bata. Hakuniuliza chochote, alinionyesha kikiwa kinafanya kazi.

Kwa mnaokaa karibu na bahari kama sisi: chumvi ya hewani inakula shaba ya bodi, utaiona inageuka kijani kwenye maungio. Isugue kwa mswaki wa zamani na spiriti, iache ikauke kabisa, halafu pitisha rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya maungio yote. Kidirisha cha sensa usikiguse, wala rangi isikifikie, wala kidole chenye mafuta. Kisha rudisha mpira wa pembeni kwenye mfereji wake kabla hujakaza skrubu.